Milango Mitano ya Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wembe, na kwa wiki kadhaa hicho ndicho chombo pekee nilichoruhusiwa kushika. Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka kwetu Palma juu ya lori la chumvi, na ofisi ya mipango ya mkoa pale Pemba, hii yetu ya Msumbiji, ilinitisha. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza za kuinama, na nyuma ya kila meza ameketi mwanamume. Mkuu wa chumba tulimwita Chefe, na sidhani kama mke wake alimwita vinginevyo. Alinitazama tangu mtandio mpaka viatu, akauliza, "Wewe ndiye yule hodari wa hesabu tuliyeahidiwa?" Nikasema ndiye mimi. "Haya," akasema. "Mimi niliomba mvulana. Lakini serikali haijapata kuniletea nilichoomba hata siku moja, na mpaka leo sijafa."

Vijana wa leo mnachora kwa kompyuta, mkikosea mnabonyeza na kosa limeondoka. Sisi tulichora kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha nuru, papel vegetal kwa Kireno, na wino ukishakauka hapo hautoki kwa kifutio. Unakwanguliwa kwa wembe, polepole, kwa mkono mwepesi, karatasi isitoboke. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kukwangua makosa ya wanaume. Nilikwangua barabara, nikakwangua soko, siku moja nikakwangua mtaa mzima kwa sababu mkubwa fulani alitaka uwanja wa mpira. Chefe alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Taratibu, Hawa, taratibu. Hapo walikaa watu." Walikaa kwenye karatasi tu, lakini yeye alizungumza juu yao kana kwamba wamehamishwa kweli, na tabia hiyo nilimpenda nayo mpaka alipostaafu.

Vile vita vya kwanza, vya wenyewe kwa wenyewe, vilipokuwa vinaendelea hatukutoka mjini. Tulichora miji ambayo njia zake zilikuwa na mabomu. Amani ilipokuja, ndipo nilipoanza kutembea na wapimaji: Montepuez, kisha Mueda, kisha Mocímboa da Praia, ambako nilikaa miaka mingi na kupata mume na watoto. Mkuu wa Upimaji wakati huo alikuwa mzee wa Zambézia, mnene, mwenye jasho, mpenda watu. Kupima mji, kwa asiyejua, ni kuanza na vigingi vya mti vinavyochomekwa kila pembe ya kiwanja, halafu baadaye unamwaga zege mahali pake ili mpaka ukae. Tulikwenda Mbau, makao madogo ya utawala huko ndani ya wilaya, tukachomeka vigingi vya mtaa mpya, vizuri, kwa kamba. Tuliporudi kumwaga zege tukakuta kila kigingi kimefungwa mbuzi.

Mkuu wa posto, yaani wa makao yale, mtu wa kusini aliyehamishiwa huko bila kuulizwa, aliwaka. "Hawa watu hawataki maendeleo!"

"Wanayataka mno, senhor," alisema Mkuu wa Upimaji huku akijifuta jasho. "Ndiyo maana wameanza kuyatumia sisi hatujamaliza."

Kisha akanivuta pembeni akaniambia nikakae kisimani na kina mama mpaka adhuhuri, nisipime kitu, nisikilize tu. Nilidhani ananitafutia kivuli. Adhuhuri nikarudi nikiwa najua kwamba mtaa tuliouchora umekata njia wanayopitisha mbuzi kwenda majini. Tukausogeza. Toka hapo, popote nilipopangiwa kazi, nilianzia kwa wanawake, na wakubwa wangu wakazoea kunitafuta huko.

Basi gesi ikapatikana baharini mbele ya kwetu, nami nikahamishiwa Palma, mji niliozaliwa, nikiwa mkuu wa michoro. Walioona Palma ile hawatasahau. Mji wa minazi na samaki wakavu, ambao gari likipita watoto wanaimba, ukajaa magari meupe. Nyumba za wageni zikaota. Kila mwenye kichaka akakiita kiwanja. Kulikuwa na vijana waliotoka Nampula, Beira, Maputo, mpaka nchi za nje, wanatafuta kazi Afungi, kwenye ile rasi ng'ambo ya ghuba ambako mtambo ungejengwa, na wakati wa kuingoja kazi walilala barazani kwa watu. Usinielewe vibaya: tulifurahi. Mimi nilifurahi sana. Maisha yangu yote nilikuwa nimechora miji ya watu wengine, na sasa naambiwa nichore wa kwetu.

Aliyeletwa kutuongoza tulimwita Msanifu Mkuu. Alitoka Maputo, mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani, na mwezi wa kwanza alikula mkate na samaki wa kopo katika mji ambao samaki mbichi alikuwa akipita mlangoni kwake. Lakini alijifunza kuamkia. Asubuhi aliingia ofisini akasema "Shikamoo, Dona Hawa," nami namwambia, "Bwana, mkuu wa kazi haamkii kwa shikamoo," naye anajibu, "Lakini wewe ni mkubwa kwangu kwa umri." Ilikuwa kweli, nikaitikia.

Mji alioupanga ulikuwa mzuri. Nasema hivyo leo, baada ya yote. Kwenye ramani ya mji kila rangi ina maana yake: manjano ni makazi, nyekundu ni biashara, zambarau ni viwanda, kijani ni miti na viwanja vya wazi. Yeye alitumia kijani mno mpaka wakubwa wakamcheka. Alipanga hospitali, chuo cha ufundi, soko la samaki lenye paa refu, barabara pana yenye miti inayoshuka mpaka ghubani. Siku tuliyoitundika ukutani alisimama mbele yake akasema, "Dona Hawa, nataka mji ambao mtoto wa Palma akisoma mpaka mwisho hauhami."

Kabla ya mji, ilibidi wahamishwe watu waliokuwa wakiishi Afungi kwenye ardhi ya mtambo, wapelekwe kijiji kipya, Quitunda. Sehemu moja ya kijiji hicho ililetwa kwenye chumba chetu ichorwe na igawiwe. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kuwasimulia.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila kaya iliandikwa kwa jina la mkuu wake, yaani mume. Kila kaya ilipewa nyumba ya matofali yenye bati, ndani ya kiwanja chake, na viwanja vilipangwa kwa safu: nyumba zinatazama barabara, migongo yake inapeana ukuta. Halafu, ili asiwepo wa kusema kwamba ndugu wa mkubwa fulani wamepewa penye barabara, nyumba ziligawiwa kwa kura, sorteio. Vijiwe vyenye namba vinatiwa kapuni, mume anaingiza mkono mbele ya watu wote, anachotoa ndicho chake. Safi kabisa. Katika miaka yangu yote sijaona mgao ulio wa haki kuliko ule.

Na uliwatawanya watu vibaya sana.

Wageni waelewe jambo moja. Pwani yetu, kwa wengi wetu, mwanamume akioa ndiye anayehama. Anakwenda kukaa kwao mke. Binti anajengewa karibu na mama yake, na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, mpaka nyumba zinakuwa zimeuzunguka ua mmoja. Kwenye ua huo ndiko kuna jiko, ndiko wanakotwanga, ndiko watoto wanakolelewa na yeyote aliye karibu. Huwezi kusema mtoto huyu amekula wapi, amekula uani. Sisi wa pwani tuliokuwa ofisini tulilijua hilo sote, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu mtu hakumbuki kutaja hewa. Kapu likagawa waume, wake wakafuata, na mama mmoja akajikuta binti yake yuko kaskazini mwa kijiji, mwingine kusini, na katikati barabara mbili za malori.

Kundi la kwanza lilishahama hivyo. Kundi la pili lilikuwa bado, na ndani yake alikuwemo Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mjane mwembamba, mvuaji pweza, mwenye sauti iliyozidi mwili wake. Alikuwa na mabinti wanne, wote wameolewa, wote wanakaa kwenye ua wake: Zuhura mkubwa, halafu Asha, Mwanaidi na Tima. Alikwenda kumtazama jirani yake wa zamani kule Quitunda, akarudi, akasema hahami. Wakubwa walidhani anataka fidia zaidi. Nikatumwa mimi.

Nilimkuta anaparua pweza. Hakuacha kazi.

"Nyumba zenyewe umezionaje, mama?" nikamuuliza.

"Nzuri. Bati halivuji, sakafu haina vumbi. Mungu awalipe." Akamgeuza pweza. "Niambie wewe, mwanangu, maana nasikia ndiwe uchoraye. Usiku nikishikwa na homa, Zuhura wangu atanisikia kutoka kule barabara ya mwisho?"

"Simu zipo siku hizi, mama."

"Simu itanipikia uji?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mkinipa milango mitano uani kwangu, kesho asubuhi napanda lori lenu na kuku wangu. Mkinipa mmoja, leteni hilo tingatinga linikute hapahapa."

Hakuwa anatania. Uzio wa mtambo ulikuwa umeshafika karibu na mnazi wake wa mwisho, na kwa hesabu ya wakubwa, mtu asiyehama ni mtu wa kuhamishwa. Niliogopa kwa ajili yake. Nilirudi ofisini nikamwambia Msanifu Mkuu kila neno, mpaka pweza.

Alivua miwani, akaifuta. "Kura haiguswi, Dona Hawa. Nikimchagulia huyu, kesho wako mia mlangoni, na wa kwanza wao ni shemeji wa mkubwa."

"Sikuombi umchagulie. Nakuomba uende ukae kwake."

Akaenda. Mwanamume mgeni haingii uani, kwa hiyo alikaribishwa barazani, pamoja na wakwe wanne wa Bi Somoe waliokuwa wanashona nyavu. Mimi nilikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, nikitafsiri. Akaletewa wali na pweza wa nazi, akala kama mtu aliyetoka kifungoni. Halafu akafungua karatasi zake, akamuuliza Saidi, mume wa Zuhura, "Wewe ni mkuu wa nyumba ipi kati ya hizi?"

Wakwe wakatazamana, wakacheka.

"Mimi? Mimi mkwe tu hapa," alisema Saidi. "Hii nyumba ya mke wangu. Ua wa mama."

"Na wewe?" akamuuliza wa pili.

"Mgeni siku mbili, bwana, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulishapewa zamani, lakini ugeni haujesha."

Msanifu akatazama karatasi yake. Majina manne ya wakuu wa kaya, yote ya watu wanaojiita wageni. Aliikunja ile karatasi taratibu, akaiweka chini ya sahani, akaniuliza kwa Kireno kama kuna namna ya kuuona huo ua bila kumvunjia mtu heshima.

Kabla sijajibu, sauti ya Bi Somoe ikatoka nyuma ya ukuta wa makuti. "Anayetaka kuuvunja ua wangu si bora auone kwanza! Zuhura, waambie wenzio wajitande. Mpisheni apite."

Akaingia ameinamisha kichwa. Palikuwa na moto mmoja, sufuria kubwa moja, na Mwanaidi ananyonyesha mtoto ambaye baadaye nilijua si wake. Milango mitano inatazamana. Miwani imemshuka, akatembea kutoka mlango hadi mlango kwa hatua ndefu za mtu anayepima bila kutaka aonekane anapima.

Tulipotoka alisema neno moja tu. "Tumeandika wageni."

Alilolipendekeza kwa Mkurugenzi wa kazi, aliyesimamia uhamisho wote, lilikuwa rahisi. Kura ibaki, lakini kila kijiwe kisiwe cha kaya, kiwe cha ua. Watu waseme wenyewe wanakaa ua mmoja na nani. Kila ua utoe kijiwe kimoja, na upewe viwanja vilivyopakana migongo, bila ukuta kati, kila nyumba iwe na mlango wa nyuma unaofungukia ndani. Asiye na ua achukue kijiwe cha kaya yake kama kawaida.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyesukumwa. "Migongoni mmepanga njia ya mabomba na maji machafu. Yatapita wapi?"

"Yatapita mbele," nikasema mimi.

"Na mitambo inayosubiri?"

"Mama yule naye anasubiri," alisema Msanifu Mkuu. "Tofauti ni kwamba mitambo haitamlaumu mtu."

Mkurugenzi akaangalia dari. "Nawapa mpaka Ijumaa. Ikishindikana, kapu linabaki la zamani, na sitaki kumsikia tena huyo mama wa pweza."

Sijapata kufanya kazi kama wiki ile. Chumba kizima kiligeuza mabomba, kikageuza nyumba, kikasogeza vyoo. Kuhamisha bomba moja la maji machafu kunasogeza kila kitu, maana maji hayapandi mlima kwa kuombwa. Msanifu mwenyewe alikaa mezani amekunja mikono ya shati, akila samaki mbichi wa kuchoma kwa vidole, bila kuinua macho. Ijumaa kabla ya swala michoro ilikuwa imekwisha, na Mkurugenzi akaisaini kwa guno.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe lililobaki lilikuwa gumu kuliko mabomba.

Siku ya kutaja nyua, kila mume alisimama mbele ya watu aseme kaya yake inaingia ua gani. Ilipofika zamu ya Saidi, alinyamaza. Nilikuwa nimemzoea, nikajua kwa nini. Siku mbili kabla alikuwa amenifuata ofisini, amevaa shati la Idi, akaniambia, "Dada Hawa, nimekaa kwa wakwe tangu ujana wangu. Sijawahi kuweka msumari ukutani bila kuomba ruhusa. Hili kapu lenu la mwanzo ndilo la kwanza duniani kuniita mimi mwenye nyumba." Nilimwonea huruma kweli, kwa maana haki aliyokuwa anaililia ilikuwa haki, na haki ya Bi Somoe nayo ilikuwa haki, na nyumba ni moja.

Basi akasimama pale, kapu mbele yake. Zuhura hakumtazama, alitazama miguu yake mwenyewe. Binti yao Mwajuma, msichana aliyekuwa anaanza kujitanda, alimshika nyanya yake mkono. Bi Somoe, ambaye sijapata kumwona amekosa neno, alifumba mdomo. Angeweza kumwamrisha. Hakumwamrisha.

"Kwa mama," alisema Saidi mwishowe, na akaenda kukaa nyuma kabisa.

Kijiwe chao kilikuwa cha upande wa mashariki. Bi Somoe alipanda lori na kuku wake kama alivyoahidi. Sitawadanganya kwamba yote yaliyofuata yalikuwa heri. Bahari ilikuwa mbali. Wakwe walikwenda kuvua kwa basi, na nani amesikia mvuvi anakwenda baharini kwa basi? Mashamba yalichelewa. Bi Somoe aliacha pweza, na jambo hilo lilimtoa machozi mbele yangu mara moja. Lakini kila nilipokwenda kukagua nilipitia uani, nikakuta moto ni mmoja na sufuria ni ileile. Na nyua nyingine zilizopangwa namna hiyo zilikuwa vivyo hivyo. Wale wa kundi la kwanza walikuja kutuuliza kwa nini wao hatukuwafanyia, na swali hilo bado liko nami, kwa sababu jibu lake ni kwamba wao waliondoka bila kelele.

Kisha vita vya pili, vile vya waasi, vikafika Palma. Hili wengine wamelisimulia na wataendelea kulisimulia. Mimi nitasema kidogo. Tulikimbia. Maelfu walikimbilia Quitunda, na nyua zile zikalaza watu mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Kazi ilisimama, wageni wakaondoka, na Msanifu Mkuu aliondoka na boti ya mwisho waliyompangia wakubwa wake, akilia waziwazi. Ramani yetu ya rangi, yenye kijani kingi, ilibaki ukutani katika ofisi isiyo na mlango. Niliporudi niliikuta imeliwa na mchwa upande wa hospitali. Sikuwa na nguvu ya kuichora upya, na barua yangu ya kustaafu ilinikuta tayari nimeshachoka.

Uani kwa Bi Somoe vita viliacha mlango mmoja umefungwa. Zuhura na Saidi walikimbilia Pemba na watoto. Saidi alipata kazi bandarini huko, akapata na kiwanja, akajenga chumba cha bati, na safari hii hakuna aliyemwuliza aseme ua wa nani. Utulivu uliporejea, wadogo zake Zuhura wakarudi, yeye na Saidi hawakurudi. Kazi za Afungi zilipoanza tena, vijana wa mkataba wakaja kutafuta pa kupanga, na kila mmoja alisimama kwenye mlango ule na kuuliza. Bi Somoe aliwajibu jibu moja. "Kuna watu." Asha na Tima walifagia mbele yake kila asubuhi. Niliwahi kumwambia, "Mama, nyumba tupu inaharibika, kwa nini usimpe hata mkimbizi?" Akanijibu kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Wakimbizi wamejaa kwangu, mwanangu, wanalala mpaka jikoni. Hiyo ni ya Zuhura." Nilitoka nikijisemea kwamba kazi yangu ilikuwa kuchora milango, na kwamba hakuna ramani inayomrudisha mtu. Nilihuzunika, kwa sababu Saidi naye sikuweza kumlaumu.

Vijana wa ofisi mpya huja kuniuliza mambo ya zamani. Wana mipango ya kuuamsha mji, na wananionyesha rangi zao kwenye kompyuta. Wananiuliza kama ule mji wetu ulishindwa. Nawaambia mji si sufuria, useme umeiva au haukuiva. Nawaambia pia waende kisimani wakakae mpaka adhuhuri, nao wanaandika kwa adabu, halafu hawaendi.

Mwaka huu, katika msimu wa korosho, nilikuwa Quitunda kumwamkia Bi Somoe ambaye sasa haoni vizuri. Nikakuta ua mzima unahangaika, maji yanachemka, Tima anakimbia na kanga. Kwetu binti aliyeolewa mbali anapokaribia kujifungua mimba ya kwanza hajifungulii kwa mumewe. Anarudishwa kwao, kwa mama yake, na kwao Zuhura ni uani pale. Mwajuma alikuwa ameolewa Pemba, na mimba ilipokomaa baba yake hakusubiri kukumbushwa na mtu. Saidi mwenyewe aliwapandisha gari, yeye na mke wake na binti yake na mumewe, akapita vizuizi vyote vya njiani, akafika, akauendea ule mlango uliofagiliwa miaka yote, akaufungua. Nilimkuta amekaa barazani.

"Hii nyumba ina misumari niliyoigonga mimi," aliniambia. "Unajua?"

Nikamwambia sikujua.

Mtoto alilia kabla ya swala ya alasiri. Vigelegele vikatoka milango yote mitano kwa pamoja, na Saidi akaficha uso ndani ya kofia yake. Nikaingia uani. Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka wake, amegeuzia sikio upande wa sauti ile, anatabasamu bila kificho.

"Hawa yuko wapi? Yule mchoraji?"

"Niko hapa, mama. Hongera."

"Mtoto wa kike," akasema. "Umesikia? Haya, nyumba yake utaiweka wapi?"

"Mama, mimi nimestaafu."

"Mimi sijastaafu. Tazama hapo."

Nikainuka, nikaenda kutazama nafasi iliyobaki nyuma ya jiko.